Sayatika: mwongozo kamili wa kuelewa maumivu yanayoshuka mguuni na kumtumia mkiropraktiki kwa akili

Maumivu ya kiuno karibu kila mtu mzima ameyaonja. Sayatika ni habari nyingine. Hii huanzia kiunoni au ndani ya tako, ikashuka nyuma ya paja, ikapita kwenye kigimbi, na kwa wengine ikafika hadi vidole vya mguu. Mara nyingi ni mguu mmoja tu. Wagonjwa husema mguu unawaka moto, unachomachoma au unapigwa shoti. Wengine hulalamikia ganzi zaidi ya maumivu. Linalowashangaza wengi ni kwamba mguu huuma kuliko mgongo, na wapo ambao mgongo hauwaumi kabisa.

Mtaani mtu huyu ataambiwa ana baridi yabisi, ana mshipa, au kuna mtu amemtupia kitu. Ataingia duka la dawa achomwe sindano ya diklofenaki kwenye tako, arudi nyumbani amwite mtoto amkanyage mgongo. Siku hizi ameona pia zile video za watu wanaolazwa juu ya meza, mgongo ukalia "ko! ko!", wakainuka wanacheka. Anauliza: hii kiropraktiki, tiba ya kusukuma pingili kwa mikono, itanifaa? Inaweza kumfaa, kwa masharti, na mwongozo huu unayataja masharti hayo kwa mpangilio wake. Usiupeleke mgongo kwa mtu kabla hujajua mguu unalalamikia nini.

Kinachotokea ndani

Mshipa wa fahamu wa sayatika ndio mnene kuliko yote mwilini. Unaundwa na mizizi mitano inayotoka chini ya kiuno na kwenye mfupa ulio nyuma ya nyonga. Madaktari huiandika L4, L5, S1, S2 na S3. Mizizi hiyo hukutana, ikapita chini ya msuli mdogo wa ndani ya tako uitwao pirifomisi, ikashuka nyuma ya paja, na juu kidogo ya goti ikagawanyika njia mbili. Ndiyo maana tatizo la kiunoni linaweza kuuma kwenye wayo.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ukuta mgumu wa tabaka nyingi na ute mzito katikati. Ukuta ukichanika, ute husukumwa nje na kuukuta mzizi wa mshipa umepita jirani. Zaidi ya tisa kati ya kila diski kumi za kiuno zinazochomoza hivyo ni zile mbili za chini kabisa, L4-L5 na L5-S1. Uhusiano huu wa diski na maumivu ya mguu uliwekwa wazi mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr.

Mzizi haubanwi tu. Ute ule una kemikali zinazouwasha na kuuvimbisha, na ndiyo sababu siku za mwanzo huwa kali mno, kisha maumivu yakapungua hata kabla diski haijarudi. Na diski hurudi kweli: mwili huunyonya ute uliomwagika, na mara nyingi vipande vikubwa vilivyotoka nje kabisa ndivyo vinavyosinyaa zaidi. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na 12, wawe wametibiwa na nani au nani. Mganga yeyote, wa meza au wa mizizi, anayekushika katika kipindi hicho atajipatia sifa ambazo nusu yake ni za mwili wako.

Kwa wazee sababu huwa tofauti. Njia ya uti wa mgongo hufinyika kwa uzee wa mifupa, na dalili yake unaiona barabarani: mzee anatembea, miguu inajaa uzito na maumivu, anasimama, anainama au kukaa kidogo, yanapoa, anaendelea. Mzee huyohuyo anaweza kuendesha baiskeli bila shida kwa sababu ameinama mbele. Likumbuke hili tutakapofika kwenye mazoezi.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Kabla ya meza ya mtu yeyote, kabla hata ya dawa, jiulize:

- Sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, pale panapogusa tandiko la baiskeli, pamekufa ganzi? Ukijisafisha chooni huyahisi maji?
- Mkojo umegoma, au unatoka bila habari? Haja kubwa inakuponyoka?
- Miguu yote miwili imeanza kuuma na kulegea kwa pamoja?
- Wayo unaburuzika, kandambili inakuvuka njiani bila kujua, na hali inazidi kila siku?

Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya matatu ya mwanzo, huenda fungu la mishipa lililo chini ya uti wa mgongo limebanwa. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo, yenye madaktari wa upasuaji wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, kama MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi au Kenyatta Nairobi. Madaktari hulenga kuutanua mbano huo ndani ya saa 48, na ukichelewa mkojo unaweza usirudi katika hali yake maisha yako yote. La nne lisisubiri mwisho wa wiki.

Watu huona haya kutaja mambo ya chooni, hasa mzee aliyesindikizwa na mkwewe au mama aliyekaa mbele ya daktari kijana. Omba msindikizaji atoke nje, ulitaje.

Hatua ya 2: Usikilize mguu

Mwombe mtu wa nyumbani akusaidie. Lala chali, miguu imenyooka. Akishike kisigino cha mguu unaouma, aunyanyue polepole bila kulikunja goti. Sayatika huamka mguu ukifika kati ya nyuzi 30 na 70, na maumivu yenyewe ni yaleyale unayoyajua, yanayopita chini ya goti. Kuvutika nyuma ya paja tu ni misuli iliyokaza. Kisha aunyanyue mguu usiouma: ukiinuliwa huo na maumivu yakapiga kwenye mguu mgonjwa, diski inashukiwa zaidi. Kipimo hiki kimepewa jina la Mfaransa Charles Lasègue, ingawa aliyekiandika mwaka 1881 ni mwanafunzi wake, Forst.

Simama sasa. Tembea hatua chache kwa visigino, vidole vikiwa juu. Ukishindwa kwa mguu mmoja, mzizi wa L5 umechoka. Ganzi yake hukaa juu ya wayo na kwenye kidole gumba. Tembea kwa ncha za vidole: ukishindwa kunyanyua kisigino, ni S1, na ganzi hukaa ubavu wa nje wa wayo hadi kidole kidogo. Mzizi wa L4 huonekana goti linapolegea kwenye ngazi, na ganzi yake iko upande wa ndani wa muundi. Andika ulichokiona pamoja na tarehe. Karatasi hiyo itamsaidia yeyote utakayemwona, na itakuonyesha wewe mwenyewe kama mguu unapata nguvu au unazipoteza.

Hatua ya 3: Ondoa yale yanayojifanya sayatika

Hapa kwetu hatua hii ina uzito kuliko inavyopewa kwenye miongozo ya Ulaya, maana tunayo magonjwa ambayo kule ni nadra.

Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinapoingia kwenye pingili huanza na maumivu ya mgongo yasiyopumzika hata usiku, homa za jioni, jasho na kukonda, na baadaye pingili hubonyea hadi mtu akaota kibyongo. Meza ya kiropraktiki ni mahali pa hatari kwa mgongo wa namna hii, kwa sababu mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika. Ndugu yake ni bruselosi, ugonjwa wa wanaokunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono: homa za kuja na kwenda, jasho, viungo kuuma, na mara nyingi kiuno na nyonga. Mfugaji mwenye maumivu ya kiuno na homa apimwe damu kwanza.

Mwanamume aliyepita miaka 50 mwenye shida ya mkojo achunguzwe tezi dume. Mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi aseme hivyo mapema. Saratani hizi zote mbili hupenda kuhamia kwenye mifupa ya mgongo.

Mkanda wa jeshi unaposhika kiuno au mguu, maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ya malengelenge, na kwa siku hizo utaapa ni sayatika. Kama zinawaka nyayo zote mbili kwa usawa, pima sukari. Kama maumivu yako kwenye kinena na kuvaa soksi ni shida, tazama kiungo cha nyonga. Mwenye selimundu asichelewe hapo. Mwendesha bodaboda au dereva anayekalia pochi nene mfuko wa nyuma, mwisho wa siku akiumwa tako bila kiuno, aanze kwa kuihamisha pochi. Ni tiba ya bure.

Halafu kuna sindano. Mshipa wa sayatika unapita ndani ya tako, na sindano ikichomwa chini au kati mno huugusa. Mtu hupigwa shoti palepale, na wengine huondoka na wayo unaoburuzika. Watoto wadogo ndio waathirika wakubwa kwa sababu tako lao halina nyama ya kutosha. Kwa mtoto mchanga msuli wa pembeni ya paja ni salama zaidi. Ukihisi shoti inashuka mguuni wakati sindano inaingia, mwambie aliyeishika asimamishe na aichomoe.

Hatua ya 4: Wiki mbili za kwanza

Usijifungie kitandani. Mwaka 1999 Waholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 183 wa sayatika: nusu walilazwa kitandani wiki mbili, nusu waliachwa waendelee na maisha kadiri walivyoweza. Matokeo yalikuwa sawa. Siku moja au mbili za kujilaza ni sawa. Zaidi ya hapo misuli inalala na woga unaamka.

Tembea kidogo mara nyingi. Dakika tano kuzunguka nyumba, kila baada ya muda, ni bora kuliko safari moja ndefu sokoni. Kulala, jaribu ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Godoro likibonyea sana, weka ubao chini yake. Hakuna haja ya kuhamia sakafuni.

Kazi za nyumbani ndizo zinazorudisha maumivu. Ufagio wa chelewa unamlazimisha mtu kuinama huku akizungusha kiuno, na ndivyo diski isivyopenda; funga mpini mrefu. Kufua kwa kuinamia beseni lililo chini ni vilevile: lipandishe juu ya kiti. Maji beba ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, kuliko moja kubwa upande mmoja. Choo cha kuchuchumaa kikiwa kigumu, kuna viti vya plastiki vyenye tundu, au fundi atakupigilia cha mbao. Anayeswali na kushindwa rukuu na sijida ana ruhusa ya kuswali amekaa, na asijikaze kwa haya. Kwenye daladala au matatu kaa mbele. Viti vya nyuma vinarusha.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumpunguzia mtu kidogo, lakini zinatoboa tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au mjamzito asijinunulie. Vidonge vikimezeka, sioni sababu ya kuchomwa sindano kwenye tako lenye mshipa uleule unaolia. Pregabalini, inayotolewa sana siku hizi kwa "dawa ya mishipa", ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa wa sayatika na matokeo yakatoka 2017: haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani, na madhara yake, hasa kizunguzungu, yalikuwa mengi zaidi. Uingereza mwongozo wao wa taifa unawaambia madaktari wasiitoe kwa sayatika. Sindano za vitamini B humsaidia aliyepungukiwa vitamini hizo. Diski iliyochomoza hazirudishi.

Hatua ya 5: Kumwelewa mkiropraktiki kabla hujalala mezani kwake

Kiropraktiki ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, na mwanzilishi wake ni Daniel David Palmer. Alidai kumrudishia usikivu mfanyakazi wa usafi, Harvey Lillard, kwa kuisukuma pingili moja, na kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Nadharia hiyo haijathibitika. Ustadi wa mikono ndio uliobaki, na wakiropraktiki makini wa leo hawazungumzi tena kama Palmer: wanatibu migongo, shingo na viungo, na hawakuahidi kuponya pumu wala kisukari.

Je, mikono hiyo inasaidia sayatika? Ushahidi upo, ila ni wa kiasi. Italia walichapisha mwaka 2006 utafiti wa wagonjwa 102 wenye maumivu makali ya mgongo na sayatika ya diski: waliofanyiwa msukumo wa kweli, asilimia 55 waliondokana na maumivu ya mguu, dhidi ya asilimia 20 ya waliofanyiwa wa kuigiza. Marekani mwaka 2014, kwa wagonjwa 192, msukumo ukijumlishwa na mazoezi ya nyumbani ulishinda mazoezi peke yake kwenye wiki ya 12, lakini ulipofika mwaka mmoja tofauti ya maumivu ya mguu ilikuwa imefifia. Mwongozo wa Uingereza unaruhusu tiba ya mikono ikiwa tu imeunganishwa na mazoezi. Nami naliona hivyohivyo: mikono hukupa nafasi ya kusogea, na kusogea ndiko kunakomaliza kazi. Anayekuuzia mikono bila mazoezi amekuuzia nusu.

Kumpata mtu sahihi Afrika Mashariki ni kazi, kwani wakiropraktiki ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2005 kwamba mafunzo kamili yasipungue saa 4,200, ambayo ni miaka minne ya darasani na kliniki. Afrika Kusini shahada hii inatolewa Durban University of Technology na University of Johannesburg. Wanaoishi Uingereza wanaweza kulitafuta jina kwenye rejista ya General Chiropractic Council, iliyo wazi kwa kila mtu. Marekani kila jimbo lina bodi yake. Kwetu muulize bila kuogopa: ulisoma wapi, miaka mingapi, umesajiliwa na baraza gani? Aliyesoma hujibu na kukuonyesha cheti ukutani. Aliyehudhuria semina ya siku chache atakuonyesha video.

Kama hakuna wa kumwamini karibu, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa au ya kaunti ni chaguo zuri, na wengi wao pia wamefundishwa tiba ya mikono. Hutakuwa umekosa kitu kikubwa.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, na siku ya meza

Ziara ya kwanza iwe hasa ya maneno na vipimo. Akuulize habari za mkojo, homa, kukonda, ajali, saratani, dawa za kuyeyusha damu, ujauzito, matumizi marefu ya steroidi. Akugonge goti na nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Akupapase kwa pamba au kijiti kujua ganzi iko wapi. Akuambie utembee kwa visigino na kwa vidole. Akinyanyua mkono kukusukuma bila kufanya haya, shuka mezani uvae viatu.

Eksirei si lazima kwa kila mtu. Haionyeshi diski wala mshipa. Inafaa pale panaposhukiwa kuvunjika, kifua kikuu au saratani.

Sasa meza yenyewe. Kwa sayatika ya diski wengi hawaanzi na ule mlio. Wanatumia meza iliyogawanyika katikati: unalala kifudifudi, vifundo vimefungwa kwa mkanda laini, mkono mmoja wa mtaalamu umetulia juu ya pingili, na mkono wake mwingine unaishusha sehemu ya miguu ya meza taratibu, inchi chache, kisha anairudisha. Anashusha, anangoja sekunde kadhaa, anarudisha. Mgongo unavutwa bila kupindwa. Mara ya kwanza anauliza kila akishusha: mguu unasemaje? Ukisema unachoma zaidi, anapunguza au anaacha. Swali hilo, na jinsi anavyolipokea jibu, litakuambia zaidi kuliko vyeti.

Ule wa mlio unafanyika ukiwa umelala ubavu. Goti la juu limekunjwa na kuning'inia nje ya meza, mikono umeikumbatia kifuani, yeye amekuegemea, anakuvuta hadi mwisho wa msokoto, anakwambia pumua nje, kisha msukumo mmoja mfupi wa haraka. Mlio ni wa gesi ndani ya kiungo, uleule wa mtu anayealisha vidole vyake. Mfupa haukuwa umetoka, na haukurudi. Mlio usiposikika tiba haijashindikana, na ukisikika haijafaulu kwa sababu hiyo.

Kuuma kidogo siku moja au mbili baadaye ni kawaida. Maumivu yakiteremka chini zaidi kuliko yalivyokuwa, au ganzi ikatanuka, usirudi kwa msukumo mwingine kabla ya kuchunguzwa upya. Madhara makubwa ya kiuno ni nadra, lakini yapo. Na kama shida yako ni mguu, hakuna sababu ya kupindishwa shingo; mishipa ya damu ya shingo imewahi kuchanika kwa misukumo ya namna hiyo. Sema hapana mapema.

Kukanyagwa mgongo nyumbani hakufanani na hili. Mtoto hajui pingili ipi inakanyagwa wala hawezi kupima uzito wake. Mkandaji anayechua misuli kwa mafuta ya nazi hana ubaya, akiwa anachua misuli tu. Akianza kuvuta mguu kwa nguvu au kukupinda, mshukuru na uondoke.

Kuhusu idadi ya ziara: patana naye ziara sita hivi ndani ya wiki tatu au nne, kisha mkae chini mlinganishe na ile karatasi yako ya hatua ya pili. Mguu unaweza kuinuka juu zaidi? Unalala usiku mzima? Kama hakuna kilichobadilika, tiba hii si yako, na mtaalamu mwaminifu atasema hivyo kabla yako. Kataa kulipia kwa mkupuo vifurushi vya ziara thelathini, na mtu anayekuambia mgongo wako utaharibika usiporudi kila wiki maisha yote. Huyo anatibu pochi.

Hatua ya 7: Mazoezi

Kanuni moja inatawala yote: maumivu yakirudi nyuma kutoka wayoni kwenda gotini, kutoka gotini kwenda takoni, unaponya, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo. Yakishuka chini, acha zoezi hilo.

Anza kwa kulala kifudifudi dakika mbili. Ukiweza, jiegemeze kwenye viwiko, kiuno kikiwa kimelegea. Siku zinazofuata nyoosha mikono, uinue kifua huku nyonga zikibaki chini, mara kumi, mara kadhaa kwa siku. Wengi wenye diski hupata nafuu hapa. Mzee mwenye njia iliyofinyika afanye kinyume: alale chali, avute goti moja kisha jingine kifuani.

Mshipa nao unahitaji kuteleza. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti polepole huku ukitazama juu, kisha likunje huku ukiinamisha kichwa. Mara kumi, bila kulazimisha mpaka uume. Mshipa uliokasirika hauvutwi kama msuli.

Maumivu yakitulia, jenga misuli: lala chali magoti yamekunjwa, inua nyonga, hesabu hadi tano, shusha. Kisha piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, badilisha. Na utembee. Mkulima arudi shambani kwa awamu, nusu saa ya jembe kisha apumzike, kabla ya kurudia siku nzima.

Hatua ya 8: MRI na upasuaji

Wagonjwa hukimbilia MRI wakidhani picha itaamua. Picha hizo zina mtego: zimepigwa kwa watu wasioumwa chochote, na diski zilizovimba zikaonekana kwa takriban asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo picha ina maana pale inapokubaliana na mguu. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba cha kulia na diski ikachomoza kushoto, hiyo diski haina kesi. Ipige picha kama kuna dalili za hatari, kama nguvu inapungua, au kama wiki sita hadi nane zimepita bila nafuu na uko tayari kufikiria sindano ya uti wa mgongo au upasuaji.

Upasuaji wa kuondoa kipande cha diski ni wa kuheshimiwa, na hautoi laana ya kupooza kama inavyosemwa vijiweni. Uholanzi mwaka 2007 wagonjwa 283 waligawanywa: wengine wapasuliwe mapema, wengine waendelee na tiba ya kawaida. Waliopasuliwa waliondokewa na maumivu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja pande zote mbili zilikuwa karibu sawa, na asilimia 39 ya waliosubiri walikuwa wameishia kupasuliwa. Mwenye sayatika kali isiyopungua, anayepoteza kazi na usingizi, ana haki ya kuchagua njia ya haraka. Anayevumilia na kuona nafuu hata ndogo, anaweza kungoja bila hofu kwamba anajiharibu.

Njia yoyote utakayopita, vitu huondoka kwa zamu. Maumivu ya mguu hutangulia, nguvu hufuata, na ganzi ndiyo ya mwisho. Inaweza kukaa miezi, na kwa wengine kisehemu kidogo cha ganzi pembeni ya wayo hubaki moja kwa moja. Kikiwa hakitanuki na mguu una nguvu, hakihitaji meza wala kisu. Mwenye kisukari pekee ndiye nitamwomba akague wayo huo kila jioni kwa macho na kwa mkono, kwa sababu msumari anaweza asiuhisi.